Fedha Zetu Zimelala kwa Nani?

Mada iliyotolewa na mjumbe wa Kamati ya Fedha katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Dar es Salaam

Mwenyekiti amenipa dakika ishirini, na baada yangu kuna chakula, kwa hiyo sitamtesa mtu.

Mwaka huu vijana wetu wanaoishi Marekani walituletea pendekezo. Walisema hivi: fedha za bweni la wasichana zimekaa benki zikisubiri zitimie. Kwa nini zisipelekwe kwenye jukwaa la mtandaoni linalokusanya fedha za watu wengi na kuziwekeza kwenye majengo huko Marekani? Zikae miaka miwili au mitatu, zizae, kisha zirudi zikiwa zimenenepa, tujenge bweni kubwa zaidi.

Pendekezo hili limeletwa kwa nia njema, tena na watu ambao hawajawahi kukosa mchango wao. Linastahili kujibiwa kwa hesabu, siyo kwa minong'ono. Kamati ya Fedha iliniomba nilitathmini, kwa kuwa uhasibu ndio kazi inayonilisha.

Naanza na jibu, ili hata atakayesinzia asilikose. Fedha za bweni zisiende huko. Mtu binafsi mwenye akiba yake anaweza kwenda, ilimradi ajue anachokifanya. Na maswali niliyoyatumia kuyapima majukwaa hayo, yatupasa tujiulize na sisi wenyewe.

Jambo lenyewe ni nini

Sisi tuliozaliwa milimani Upare hatuhitaji kufundishwa maana ya kuchangia. Msaragambo tunaujua. Kila kaya inatoa mtu, mfereji unasafishwa, ndiva inazibwa, maji yanajaa usiku na asubuhi yanagawanywa kwa zamu. Majukwaa haya ni jambo la namna hiyo, tofauti ni kwamba wanaochangia hawajuani, na ndiva iko mbali.

Kwa miaka mingi majengo makubwa ya biashara Marekani yalikuwa mali ya matajiri na mifuko mikubwa. Mwaka 2012 yalitokea mambo mawili. Kwanza, ilipitishwa sheria iitwayo JOBS Act, iliyoanza kufungua njia kwa kampuni kutafuta mtaji kwa watu wa kawaida kupitia intaneti. Pili, ndugu wawili wa familia moja, Ben na Dan Miller, waliuza hisa za jengo moja katika mtaa wa H Street jijini Washington kwa dola 100 kila hisa. Watu 175 walichangia jumla ya dola 325,000. Kampuni yao, Fundrise, leo inampokea mtu hata mwenye dola 10.

Baada yao yalikuja majukwaa mengi, na yako ya aina mbili kubwa. Aina ya kwanza ni kapu: unatoa fedha, kampuni inanunua majengo mengi, na wewe unamiliki kipande kidogo cha kapu zima. Aina ya pili ni jengo mojamoja: unachagua mwenyewe kwamba nataka jengo lile la Atlanta au ile hoteli ya Miami. CrowdStreet ilijulikana kwa aina hii ya pili, na iliwalenga watu ambao sheria ya Marekani inawahesabu kuwa na uwezo, yaani wenye kipato cha zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka, au mali ya zaidi ya dola milioni moja bila kuhesabu nyumba wanayoishi.

Wengine mmenipigia simu mkiuliza kama hii ni DECI nyingine. Hapana. DECI, ile ya kupanda na kuvuna mbegu iliyosimamishwa na Serikali mwaka 2009, haikuwa na mradi wowote nyuma yake. Mwanachama wa jana alilipwa kwa fedha ya mwanachama wa leo. Majukwaa niliyoyataja yana majengo ya kweli, yana mikataba, na yanatoa taarifa kwa mamlaka. Lakini kuwa halali ni jambo moja, na kuwa mahali pafaapo kwa fedha za watoto wetu ni jambo jingine.

Niliyapima kwa maswali manne.

Swali la kwanza: fedha zimelala kwa nani?

Watu wengi wakitazama uwekezaji huanza na faida. Wanauliza, unatoa asilimia ngapi? Mkaguzi wa hesabu haanzi hapo. Anauliza, fedha ilipotoka mkononi mwa mchangiaji, na kabla haijawa jengo, ilikuwa kwenye akaunti ya nani, na nani alikuwa na saini?

Kisa hiki kiko kwenye kumbukumbu za mahakama. Kuanzia mwaka 2022 hadi katikati ya 2023, kampuni ya Nightingale Properties ya New York ilitumia jukwaa la CrowdStreet kukusanya takriban dola milioni 54 za kununulia jengo la ofisi liitwalo Atlanta Financial Center, na nyingine karibu milioni 9 kwa ajili ya jengo la Miami Beach. Waliochangia walikuwa zaidi ya watu 800, na hawakuwa watu wa kudanganyika kwa urahisi. Walisoma nyaraka, walitazama picha, jengo lilikuwepo na linaonekana kutoka barabarani.

Lakini fedha hazikwenda kwa mtu wa tatu azishike mpaka mauzo yakamilike. Zilikwenda kwenye akaunti ambazo mwendelezaji mwenyewe alikuwa na mamlaka nazo. Jengo la Atlanta halikununuliwa. Fedha zilihamishwa, zikanunua saa za kifahari, zikalipa mishahara ya biashara zake nyingine, zikaingia kwenye uwekezaji wake binafsi. Kiongozi wa kampuni hiyo, Elie Schwartz, alikiri kosa mwaka 2025 na kuhukumiwa kifungo cha miezi 87, yaani miaka saba na miezi mitatu.

Aliyehukumiwa ni mwendelezaji, siyo jukwaa. Kwa mchangiaji hilo ni faraja ndogo. Jukwaa ni dalali mwenye tovuti nzuri. Linakukutanisha na mtu. Kama fedha zako zinapita moja kwa moja kwenda kwa mtu huyo, basi unamkopesha mtu usiyemjua, haijalishi picha ya jengo ni nzuri kiasi gani. Kwa hiyo kipimo cha kwanza: fedha zishikwe na benki au wakala asiye na maslahi, zitoke tu pale hati ya jengo inapobadilishwa jina, na mauzo yasipofanyika zirudi zilikotoka. Hilo liwe limeandikwa kwenye mkataba. Kama ni neno la mdomo tu, lisitutoshe.

Swali la pili: nani anakula kabla yako?

Majengo haya hayanunuliwi kwa fedha za wachangiaji peke yao. Kuna mkopo wa benki, na benki inakula kwanza. Tuchukue mfano wa jengo la shilingi milioni 100. Benki imetoa milioni 70, wachangiaji milioni 30. Thamani ya jengo ikipanda kwa asilimia 20, linakuwa milioni 120. Benki inachukua 70 zake, wachangiaji wanabaki na 50. Wamepata faida ya milioni 20 juu ya milioni 30, na hapo kila mtu anaimba.

Sasa geuza. Thamani ikishuka kwa asilimia 20 ile ile, jengo ni milioni 80. Benki haijui habari ya kushuka. Inachukua 70 zake zote. Wachangiaji wanabaki na milioni 10. Jengo limepoteza sehemu moja ya tano, wao wamepoteza theluthi mbili. Na hapo sijahesabu riba.

Nayo riba ilipanda. Machi 2022 riba ya Benki Kuu ya Marekani ilikuwa karibu na sifuri. Kufikia Julai 2023 ilikuwa imepita asilimia 5. Mwenye jengo aliyekopa kwa riba inayobadilika alijikuta kodi yote ya wapangaji inaishia benki. Wakati huo huo ofisi nyingi zilikuwa nusu tupu, kwa sababu baada ya korona watu walizoea kufanyia kazi nyumbani. Hakuna aliyeiba chochote hapo, na bado wachangiaji waliumia.

Baada ya benki zinakuja ada. Fundrise hutoza jumla ya asilimia moja kwa mwaka kwenye mifuko yake ya majengo, kiasi ambacho si kikubwa. Kwenye jengo mojamoja ni tofauti. Kuna ada ya kununua jengo, ada ya kulisimamia, ada ya kuliuza, na juu yake mwendelezaji anakata sehemu ya faida. Anayeishi hapa nyumbani aongeze kodi ya Marekani, ambayo kwa gawio linalolipwa mgeni kutoka nchi isiyo na mkataba wa kodi na wao, kama yetu, ni asilimia 30. Kisha aongeze gharama ya kutuma, na kubadili shilingi kuwa dola na dola kuwa shilingi.

Kwa hiyo ukiona tangazo la "asilimia 15", soma neno lililo kando yake. Mara nyingi ni "faida lengwa". Lengo si malipo. Hata mimi nina lengo la kupunguza kitambi.

Swali la tatu: mlango wa kutokea uko wapi?

Ndiva ina mlango wake. Zamu yako ikifika, inafunguliwa, maji yanashuka shambani. Hebu fikiri ndiva ambayo zamu yako imefika, mahindi yamenyauka, na unaambiwa mlango hautafunguliwa mpaka itakapotangazwa.

Jengo haliuzwi kwa siku moja, wala huwezi kuvunja mlango mmoja ukauuze sokoni. Kwa hiyo majukwaa haya yana haki, kwa mkataba unaousaini mwenyewe, ya kuchelewesha kukurudishia fedha. Mwishoni mwa Machi 2020, korona ilipoingia, Fundrise ilisimamisha kurudisha fedha kwa wanaotaka kujitoa, na mlango ukaja kufunguliwa tena mwishoni mwa Juni. Ulikuwa uamuzi halali, na huenda uliwasaidia waliobaki ndani. Lakini aliyekuwa na ada ya shule ya mtoto humo ndani alisubiri.

Jukwaa jingine, RealtyShares la San Francisco, lilitangaza Novemba 2018 kwamba halipokei tena wawekezaji wapya wala miradi mipya. Majengo yalikuwa bado yapo na wachangiaji walikuwa bado ndani. Basi uliza pia: jukwaa lenyewe likifunga ofisi kesho, nani ataendelea kukusanya kodi na kunitumia changu?

Wala tusidhani kwamba ukiingia kwenye soko la hisa tatizo limekwisha. Majirani zetu wa Kenya walianzisha mfuko wa majengo wa Fahari, ulioorodheshwa katika soko la Nairobi mwishoni mwa 2015 kwa shilingi 20 za Kenya kwa kipande. Ulikuwa chini ya mamlaka, una mdhamini, una wakaguzi, na majengo yake yapo. Hata hivyo bei ilishuka hadi chini ya nusu, na mwaka 2024 mfuko ukaondolewa kwenye soko kuu. Aliyelazimika kuuza katikati ya njia aliuza kwa hasara, bila kuibiwa na mtu.

Swali la nne: jina la nani limeandikwa?

Hili ndilo lililonifanya nifunge daftari. Fundrise inawapokea watu wanaoishi Marekani na kulipa kodi huko. Chama chetu, kilichosajiliwa Tanzania, hakiwezi kufungua akaunti. Pendekezo lilikuwa kwamba mmoja wa vijana wetu afungue kwa jina lake, kwa niaba yetu.

Ndugu zangu, namheshimu kijana huyo, na baba yake ameketi hapa mbele. Lakini kwenye vitabu vya huko, fedha hizo zingekuwa zake, siyo zetu. Akipata ajali, Mungu apishie mbali, zitaingia kwenye mirathi yake. Akidaiwa, wadai wake watazihesabu. Ndoa ikivunjika, wanasheria watazigawa. Hata bila baya lolote kutokea, mamlaka ya kodi itamwandikia yeye, na atalipa kodi ya mapato ambayo si yake. Tutakuwa tumembebesha mzigo mtu ambaye kosa lake ni kutupenda. Na kwetu uaminifu wa mtu haukai mahali pa hati. Mtu mwaminifu ndiye wa kwanza kudai hati, ili asije akasingiziwa.

Kwa nini fedha za bweni zisiende

Sasa tuunganishe. Fedha hizi zina kazi inayojulikana na tarehe inayokaribia. Mnajua wasichana wetu wanaishije. Wanaotoka vitongoji vya juu wanatembea gizani kwenda sekondari ya kata, au wanapanga vyumba mitaani bila mlezi, na mnajua wangapi wanaishia hapo. Mwaka mmoja wa mlango kufungwa huko Marekani ni mwaka mmoja wa kidato cha pili hapa kwetu, na huo haurudi.

Kanuni ya kazi yangu ni nyepesi: fedha yenye tarehe haiendi mahali pasipo na tarehe. Kwa hiyo Kamati inapendekeza fedha za bweni zibaki nchini, kwa jina la chama. Zile za awamu inayokaribia ziwe mahali zinapoweza kutolewa ndani ya siku chache za kazi, kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS. Zile za awamu ya baadaye ziwekwe kwenye amana ya muda maalum benki au dhamana za Serikali za muda mfupi, tarehe ya kuiva ikipangwa iendane na ratiba ya fundi. Faida yake haitamfanya mtu aandike kitabu, lakini mabati yatanunuliwa siku yanapohitajika.

Kwa wanaoishi Marekani na wana akiba zao binafsi, siwazuii. Weka kiasi ambacho hata kikifungiwa miaka mitano hutapiga simu kuomba nauli. Penda kapu kuliko jengo moja. Soma mahali walipoandika ada na masharti ya kujitoa kabla ya kusoma mahali walipoandika faida. Na jukwaa likishindwa kukujibu kwa sentensi moja kwamba fedha zimelala kwa nani, funga simu ukalale.

Na sisi je?

Ndugu Mwenyekiti, nisingetenda haki kama ningewapima watu wa Washington na Atlanta kwa mizani hii, kisha nikaificha nyuma ya mlango tunapofika kwetu. Leo tunawaomba watu wachangie. Nao wana haki ya kutuuliza yale yale.

Fedha zimelala kwa nani? Tujibu kwa sentensi moja. Kamati inapendekeza ziwe kwenye akaunti ya bweni peke yake, isiyochanganywa na ya misiba wala ya sherehe, yenye saini tatu, na mmoja wa wenye saini atoke nyumbani, siyo wote wa Dar es Salaam.

Nani anakula kabla? Gharama za vikao, za ukumbi na za chakula tutakachokula muda si mrefu zitoke kwenye ada zetu za uanachama. Mchango wa bweni usiguswe hata kwa chupa ya maji.

Mlango wa kutokea uko wapi? Fedha isiende kwa fundi kwa mkupuo. Ilipwe kwa hatua, msingi ukikaguliwa ndipo ukuta uanze, kwa hati ya mhandisi wa halmashauri.

Jina la nani limeandikwa? Kiwanja kiwe na nyaraka zinazoonyesha ni cha shule, kabla hatujapeleka tofali la kwanza. Na majina ya waliochangia, mkubwa na mdogo, yachapwe kwenye kijitabu hiki kila mwaka pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Aliyetoa elfu kumi asome kwamba elfu kumi yake ilinunua nini.

Mkitukuta tumeshindwa kujibu mojawapo ya hayo, zuieni michango yenu, na mtakuwa mmefanya vyema. Tukiweza kuyajibu, basi hatuna kisingizio, sisi wala ninyi. Fomu za ahadi ziko mezani kwa Mweka Hazina, na nyingine iko katikati ya kijitabu hiki. Namba ya akaunti imeandikwa humo, ikiwa na jina la chama na siyo la mtu. Vijana wetu wa Marekani nao tunawaomba jambo moja: ile bidii mliyoitumia kututafutia faida, itumieni kutuulizia hesabu kila robo mwaka.

Naona sahani zimeanza kupangwa.